Pacha Haliliwi

Vijana wangu wa Nyumba, mmeniomba niwaandikie historia ya kazi yetu kwa ajili ya sikukuu mnayoiandaa, na mkaongeza kwamba niandike mambo ya kutia moyo. Nimekaa na ombi hilo wiki nzima. Mambo ya kutia moyo yapo, na mengine nitayasema, lakini siyo hayo peke yake niliyotoka nayo. Nikiandika matamu tu nitakuwa nimewauzia maziwa yaliyotiwa maji, na ninyi ndio mtakaowanywesha watoto wa watu. Basi someni yote, au msisome kabisa.

Vyeo sitavitaja. Nilianza nikiwa mama wa matembezi, yaani yule anayezunguka kwenye nyumba za wenye watoto wachanga, na nimestaafu nikiwa mama wa matembezi, ingawa katikati walinibadilishia jina kwa Kifaransa kila alipokuja mfadhili mpya. Mshahara nao tuuache ulale. Nitasema kazi.

Nyumba haikuanza na jengo hili lenye vigae. Ilianza katika lupango la Mama Astrida, hapa hapa Katuba, kiwanja chenye mvokado mmoja, yaani mparachichi, choo kimoja, na bomba lililotoa maji lilipojisikia. Mama Astrida alikuwa amefundisha watoto wadogo katika shule ya kampuni ya madini, enzi ambazo kampuni ilimjua mtoto wa mfanyakazi tangu tumboni: unga, maziwa, daktari, hata viatu vya Krismasi. Kampuni ilipoishiwa nguvu shule ilifungwa, watoto wakabaki barabarani, na baba zao wakakaa nyumbani wakingoja habari ambazo hazikuja. Yeye akatandika mikeka chini ya mvokado akawaita walio karibu. Jina rasmi lilikuja baadaye, refu, na sijawahi kumsikia mzazi hata mmoja akilitumia. Watu walisema "kwa Astrida". Mpaka leo ukimwambia mwenye pikipiki jina la kwenye kibao atakuuliza ni wapi huko.

Siku yangu ya kwanza nilifika na sketi iliyopigwa pasi na viatu vya kanisani. Nilikuwa nimetoka shule ya ualimu na nilidhani nimeletwa kuelimisha. Mama Astrida akanichukua twende kwa mama mmoja aliyekuwa amejifungua, avenyu ya pili kutoka pale. Tulimkuta anachambua sombe, majani ya mihogo yamejaa beseni, mtoto amelala kwenye kitenge kando yake. Mimi nikasimama, nikasafisha koo, nikaanza kumuuliza mtoto ananyonya mara ngapi kwa siku. Mama Astrida hakunikemea. Alinivuta sketi tu.

"Unakuya kuuliza muntu maneno ya mutoto wake na mikono mitupu? Ikala chini, chambua sombe."

Nikaketi kwenye vumbi jekundu na sketi yangu. Tulichambua beseni zima tukizungumzia bei ya makaa na mchungaji mmoja aliyekimbia na mke wa mtu. Tulipokaribia kumaliza, yule mama mwenyewe akaanza kusema kwamba ziwa lake moja linauma, na kwamba mama mkwe anampa mtoto maji ya majani asiyoyajua. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya kwanza ya Nyumba. Mkono mtupu haulambwi. Ukifika mahali, shika kazi unayoikuta, iwe mbabula, lile jiko la makaa, ya kuwasha au nguo za kufua, na maneno yatakuja yenyewe. Leo mnatembea na tableti, mnauliza maswali yaliyopangwa huku mmesimama mlangoni. Sisemi tableti ni mbaya. Nasema mama wa watu anazungumza na utosi wenu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Mizani ilining'inia kwenye tawi la mvokado, na mtoto alipimwa ndani ya suruali ya turubai yenye matundu ya miguu. Akina mama hawakupenda mtoto wao aingizwe kwenye suruali iliyotoka kuvuliwa mtoto wa mwingine. Hawakusema, waliacha tu kuja. Aliyeligundua hilo ni Zaina, mpishi wetu wa uji, binti wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema zamani, ambaye baba yake alikuwa fundi cherehani sokoni. Akashona suruali za vitenge, kila mtoto na yake. Zilining'inia kwenye kamba, na ukiitazama kamba ulijua suruali ya nani imekaa bila kuguswa. Huyo tulimfuata kwao. Sijaona mfumo bora kuliko ule, na katika maisha yangu nimeoneshwa mifumo.

Halafu kuna pacha, na hapa naomba mtulie, kwa sababu hapa ndipo penye kidonda changu.

Kwa sisi wa familia za kaskazini ya Katanga, mwanamke akizaa pacha jina lake la zamani linakwisha. Anakuwa Mama Mapasa, mumewe Baba Mapasa, mpaka kaburini. Watoto huja na majina yao: wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange, padri apende asipende. Kila kitu kwao ni viwili. Ukileta sabuni, lete mbili. Ukimpa mmoja uji, wa pili naye awekewe kikombe, hata kama amelala. Na ukifika langoni hupigi hodi ya adabu. Unamwimbia mama nyimbo za mapasa, ambazo sitaziandika hapa kwa sababu najua masista wa parokia watapewa nakala. Ni matusi ya mwili mzima. Wazazi wa pacha wanatukanwa mchana kweupe, nao wanajibu, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, wanapakana usoni pemba, ule udongo mweupe. Kutukanana huko ndiko kuwakaribisha watoto. Zaina, na ushungi wake wote, alijua beti ambazo sisi Wakatoliki zilitutia haya.

Na ipo sheria moja nzito kuliko hizo zote. Pacha hafi. Tunasema amerudi. Akirudi mmoja anazikwa kimya, na mtu halii, mama yake ndiye asilie kabisa, kwa sababu yule aliyebaki anasikiliza. Ukimlilia aliyekwenda, aliyebaki atamfuata mwenzake. Mama Astrida alitufundisha hayo siku zile zile alizotufundisha kuchemsha maji ya kunywa. Hakutuuliza kama tunaamini. Alisema sisi ni watu wa kuingia katika nyumba za wengine, na anayeingia kwa mtu anavua viatu palipo na mkeka.

Mwanawe, Fidele, alikua kwenye mikeka ile ile ya mvokado. Alikunywa uji wa Zaina, na aliimba nyimbo za mapasa kabla hajang'oa meno ya utotoni, tena kwa sauti kuliko wenzake. Nayasema haya mapema ili asitokee mtu wa kumtetea kwamba hakujua. Alisoma chuo kikuu hapa mjini, akaoa, akawa shemasi katika kanisa la uamsho, na miguu ya mama yake ilipovimba asiweze tena kutembea, akashika uongozi wa Nyumba. Alikuwa mchapakazi. Aliandika miradi kwa Kifaransa cha kupendeza, na miradi yake ilijibiwa. Vigae mnavyovikanyaga ni yeye. Vile vyoo vidogo vya kimo cha mtoto ni yeye pia, na ni kitu kizuri, nani atabisha. Leo yuko Kinshasa katika shirika kubwa, na nasikia anafundisha wengine namna ya kukaa na familia.

Sasa nimseme Mama Mapasa mwenyewe. Aliitwa Mujinga. Mume wake alizaliwa kwa watu wa reli, lakini reli haikumbakizia kazi, akaingia kwenye mashimo ya madini upande wa barabara ya Likasi, na alikuwa akilala huko wiki hata wiki. Nyumbani alibaki Mujinga na pacha wake wawili wa kike, pamoja na mama wa mume, ambaye sote tulimwita Kambo, yaani bibi. Lupango lilikuwa la Kambo. Alikuwa mwembamba, mkali, anavuta tumbaku ya puani, na alipopiga chafya mbuzi wa jirani walisimama. Ilipita miezi mingi kabla hajaniita kwa jina. Nilimtwangia sombe, nikamchotea maji, nikamsikiliza akiwasema wakwe zake wote, waliokufa na walio hai.

Kabange alirudi akiwa hata hajajua kutembea. Homa, weupe wa midomo, na kabla jua halijapanda ikawa imekwisha. Alizikwa kimya. Nilikwenda kuketi na Mujinga, tukachagua maharagwe, macho yake makavu, na alipomtaja mtoto alisema amerudi, basi. Msidhani hakuumia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mikono yake ilikuwa inachagua maharagwe mazuri na kuyatupa, inabakiza mabovu, na mimi nikawa nayaokota nayarudisha. Lakini hakulia, kwa sababu Kyungu alikuwa amelala pale miguuni pake.

Kifo kile, mnisamehe, kurudi kule, ndiko kulikotufanya tumpeleke Kyungu kupimwa damu. Ikaonekana ana SS, yaani selimundu, ule ugonjwa wa kurithi unaouma mifupa na kuimaliza damu mwilini. Bila shaka mwenzake alikuwa nao pia. Daktari mmoja mzuri akanionesha jambo, nami nikamwonesha Mujinga: kila asubuhi, kabla ya uji, mlaze mtoto chali, weka vidole chini ya mbavu za kushoto, utafute bandama. Ikiwa imeshuka na imekuwa ngumu, na ukifunua mdomo ni mweupe, usingoje kitu, usimngoje mume wala maombi. Mlete Nyumba mbio. Sisi tutapanda pikipiki naye mpaka hospitali, na pale mlangoni atakuwepo mtu wa kusema kwa sauti kwamba huyu ni SS, anataka damu, anataka sasa hivi. Bila mtu wa kusema hivyo unakaa kwenye foleni na wenye mafua.

Mujinga aliishika kazi ile bila kukosa. Mara mbili bandama ilishuka, mara mbili alikuja mbio na mtoto mgongoni, na mara zote mbili damu ilipatikana. Kyungu akakua. Alikuwa mtoto wa maneno mengi na miguu myembamba. Zaina alimwekea vikombe viwili vya uji kila siku. Kimoja alikunywa, cha pili kilikaa mpaka mwisho, halafu akamgawia aliyempenda siku hiyo. Watoto waligombania kupendwa. Kambo, ambaye hakuwa na imani na hospitali, akanitamkia kwamba nikimchukua mtoto saa yoyote hataniuliza nampeleka wapi. Ninyi mnalipenda neno matokeo. Hayo ndiyo yalikuwa matokeo, na yalijengwa kwa sombe.

Kisha wageni wakatangazwa. Mfadhili alikuwa akiamua kama atatujengea ukumbi wa pili, na alitaka kuona kikundi cha akina mama waliofiwa na watoto wakizungumza na kupona. Kikundi kama hicho hatukuwa nacho. Fidele akakiunda. Alimwalika mwalimu wa mambo hayo kutoka Kinshasa, mama mmoja mpole, msomi, ambaye sina ugomvi naye mpaka leo. Alijua Kifaransa na Kilingala. Habari za hapa alizijua kwa mdomo wa Fidele tu, na Fidele alimwambia alichotaka ajue. Katika wale waliochaguliwa kukaa mbele, jina la kwanza lilikuwa la Mujinga, kwa kuwa habari yake ilikuwa nzito na yeye ni mzuri wa sura.

Nilimfuata Fidele ofisini. Nikamkumbusha huyu ni Mama Mapasa, haketishwi kwenye duara la kilio. Alinisikiliza kwa heshima, kama alivyofundishwa na mama yake, halafu akasema juu ya mila za mababu, "Mama Jeneroza, ile mambo ya bankambo tuliiacha." Nikaenda kwa Mama Astrida kitandani kwake. Nilitegemea atanyanyua fimbo. Akaniambia mtoto akishakuwa mkubwa kazi ya mama ni kumwombea. Aliyenifundisha sheria ile ndiye aliyesema hivyo. Nilitoka mle chumbani nikiwa na hasira naye kuliko mwanawe, na hasira hiyo sijaimaliza, ingawa yeye nimemzika.

Siku ilifika. Viti vilipangwa duara, wageni nyuma na kamera zao. Mujinga alisimulia vizuri, kwa utulivu: homa, alfajiri, Kabange amerudi. Kyungu alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango na vikombe vyake. Mwalimu akasema jambo kwa Kifaransa, kwamba mama huyu amejifunga ndani, neno kifo halijamtoka kinywani. Akauliza kama kuna sababu. Hapo palikuwa na mtu mmoja wa kujibu. Fidele hakumweleza sheria ya pacha, alimgeukia Mujinga tu. Akamwomba aseme kwamba Kabange amekufa. Mujinga akatazama chini. Nikasimama, nikamwendea Kyungu nimtoe nje, na Fidele akaninyooshea mkono nikae, kisha akashuka akapiga magoti mbele ya yule mwanamke.

"Sema, mama. Sema Kabange alikufa. Acha machozi itoke. Kulia ndio kupona."

Alimwambia kwa upole, kwa Kiswahili chetu, mtoto wa avenyu yake mwenyewe. Ingekuwa mgeni, Mujinga angemkatalia. Mujinga akasema. Na alipokwisha kusema akalia, sauti ya miaka yote ile, mpaka akaanguka kutoka kwenye kiti. Wageni nao wakalia. Mmoja akapiga makofi, wengine wakamfuata. Mimi nilikuwa namtazama Kyungu. Alikuwa amekiacha kikombe chake, anamtazama mama yake, na alikuwa ametulia kama mtu aliyeitwa jina.

Ukumbi wa pili tuliupata.

Ilikuwa wakati wa baridi. Siku chache baadaye mifupa ya Kyungu ilianza kuuma, miguu na viganja, akalia usiku na mchana. Mimi sisemi machozi ya mama huua. Nimekaa na watoto wa SS muda wa kutosha kujua kwamba baridi ikiingia mifupa huuma, pacha au si pacha. Lakini Kambo alikuwa amekwisha kusikia, maana makofi yale yalisikika avenyu nzima, na kwake hesabu ilikuwa rahisi: mama amelia, mtoto ameanza kufuata. Akafunga lango. Suruali ya Kyungu, ambayo Mujinga alikuwa ameichukua kuifua, ilirudishwa Nyumba imekunjwa. Mujinga akakatazwa kukanyaga kwetu.

Maumivu yale yalipita. Lango halikufunguliwa. Nilikwenda mara nyingi, nikasimama nje, Kambo akanijibu kwa ndani kwamba hana sombe ya kuchambuliwa.

Lakini hakuwa mtu mbaya, na alijua thamani ya pikipiki yetu. Akamtuma jirani kwa Zaina na neno. Nyumba imemkosea pacha, kwa hiyo Nyumba ije irekebishe kwa njia inayojulikana. Waje na pemba, kuku wawili weupe, vitenge viwili. Na yule aliyemliza mama aje mwenyewe, asimame langoni, aimbe nyimbo za mapasa, atukanwe na yeye atukane. Watu wakishacheka, jambo limekwisha, mtoto atarudi kwenye uji. Nilipoletewa habari ile nilifurahi mpaka nikakaa chini. Adhabu yetu ilikuwa kucheka tu. Nimeona watu wakiombwa fidia za kuuza nyumba, na huyu bibi alituomba tumtukane.

Fidele alikataa. Alisema yeye ni shemasi, na kanisa lao linafundisha kwamba nyimbo zile ni agano na mizimu. Alisema pia mtu atamrekodi kwa simu, na video itafika kwa mfadhili, kiongozi wa shirika la watoto akiimba matusi. Nikamwambia afunge macho akiimba. Hakucheka. Badala yake akatuma gari la Nyumba na gunia la unga wa mahindi pamoja na salamu za uongozi.

Gunia moja. Kwa Mama Mapasa, kwenye lango la Kambo, mtoto aliyelelewa na Mama Astrida alituma gunia moja. Zaina alipoliona likipakiwa alimkimbilia dereva amwambie angoje, gari likawa limeondoka. Kambo alilirudisha na dereva yule yule bila neno. Mimi naamini hadi leo kwamba Fidele hakukusudia. Alikuwa amefanya bidii kusahau, na bidii yake ilikuwa imefanikiwa.

Basi tukaenda wenyewe, mimi, Zaina na wapishi. Kuku tulinunua, pemba tukapakana, vitenge viwili tukavibeba kichwani. Tuliimba pale langoni mpaka avenyu yote ikatoka. Zaina alitoa beti zake zote, na mama mmoja mlokole akaingiza watoto wake ndani na kubaki yeye dirishani. Lango likafunguka kidogo. Kambo akasikiliza, akatabasamu, hata akamrudishia Zaina tusi moja kuhusu marehemu mume wa Kambo mwenyewe ambalo lilitufanya tupige vigelegele. Nyuma yake nilimwona Mujinga na Kyungu ameshika kitenge cha mama. Nikasema moyoni, yamekwisha. Ndipo Kambo alipotutazama mmoja mmoja mpaka mwisho, na tabasamu likamtoka.

"Ninyi hamukumulizisha. Mwenye alimulizisha iko wapi?"

Nilisema ana kazi nyingi. Kambo akaitikia kwa kichwa, akapokea vitenge kwa adabu, akaturudishia kuku wetu, akafunga.

Nilikutana na Mujinga sokoni baada ya hapo. Tulisimama kama watu wanaouliziana bei ya dagaa. Aliniambia bado anaweka vidole kila asubuhi. Nikamwambia, ikishuka, usitazame sheria ya mtu, kimbia uje. Akasema atakuja.

Mvua za kwanza zilipoanza, asubuhi moja aliikuta bandama imeshuka. Haya nimeyapata kwa kinywa chake mwenyewe. Alimwambia Kambo. Kambo akasema wampigie baba mtoto, simu ya mashimoni haikupatikana, wakapiga tena, muda ukaenda. Mujinga akamfunga mtoto mgongoni akatoka bila ruhusa ya mtu. Pikipiki hakupata kwa ajili ya mvua. Njia ya hospitali inapita mbele ya kibao chetu, na mlinzi wetu alimwona akipita mbio, kitenge kimelowa, akamwita. Hakugeuka. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuingia, mimi nilikuwemo ndani nikikunja mikeka. Aliniambia alipofika langoni alikumbuka kwamba pale ndipo alipomlilia Kabange, akaogopa Kyungu asisikie tena. Akafika hospitali, akakaa kwenye foleni na wengine. Alisema mtoto anaumwa tumbo, kwa kuwa hilo ndilo alilojua kusema akiwa peke yake. Kyungu alirudi pale pale kwenye benchi, kabla hajaitwa.

Kwa hiyo mkiulizwa nini kilimwua, msiseme machozi, na msiseme ushirikina wa bibi. Bandama ilijulikana asubuhi. Damu ilikuwapo. Kilichokosekana ni lango letu, na lango letu tulilifunga wenyewe siku tulipopigiwa makofi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga atajwe.

Matanga yalikuwa ya kimya, kwa kuwa Kyungu naye alikuwa pacha. Wanawake tulikaa kwenye mikeka, tumevaa vitenge vya kazi, tunachambua sombe ya kulisha wageni. Mujinga alikuwa ameegemea ukuta. Baba mtoto alikuwa amefika na tope la mashimo bado miguuni. Hapo ndipo gari la Nyumba liliposimama, na Fidele akashuka amevaa suti nyeusi. Alivuka lango lile ambalo hakutaka kuliimbia. Alimtazama Mujinga, akataka kusema pole, na sauti ikamkatika. Akalia. Sidhani alikuwa anaigiza. Alimfahamu mtoto yule, alimbeba siku moja na nyingine, na alilia kwa sauti kubwa, mikono kichwani, katikati ya watu waliokaa kimya.

Kijana mmoja wa ukoo akainuka amzuie. Kambo akamshika mguu, akamkalisha.

"Mwache. Lia, baba. Sasa unaweza kulia. Hakuna tena mwenye atafuata."

Fidele aliendelea kulia. Sisi tulibaki tumekaa na sombe mikononi, macho makavu, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kufundishwa kulilia pacha kunaanzia wapi.